Mlinzi Aliyelishwa Chuma

Juma hili barua ya msomaji mmoja imetufanya tuache kando mazungumzo tuliyokuwa tumeyaandaa. Aliyeandika ni msichana anayesoma katika shule ya wauguzi. Asema kwamba shangazi yake, mtu mzima mwenye ugonjwa wa mafigo, yupo Marekani kwa mtoto wake wa kiume. Waganga wa huko wataka kuitazama mishipa yake ya damu kwa ile mashine ya picha za sumaku ambayo katika hospitali zetu huitwa IRM, nao wamemweleza kwamba kabla ya kupigwa picha atatiwa mshipani dawa yenye punje ndogo sana za chuma. Shangazi alipopiga simu nyumbani kutoa habari hiyo, jamaa na majirani walishtuka. Wakamwambia: «Ukiwa na chuma ndani ya damu, kisha ukalazwa ndani ya sumaku kubwa, chuma hicho kitavutwa na kukupasua mishipa.» Basi shangazi amekataa, na kipimo kimekwisha kuahirishwa mara mbili, huku ugonjwa ukiendelea.

Msichana huyu atuuliza: «Je, maneno hayo ni kweli? Na kama si kweli, chuma hicho huenda wapi picha zikiisha kupigwa?»

Swali la kwanza limezaliwa na hofu, la pili limezaliwa na akili. Tutajibu yote mawili. Lakini twawaambieni mapema: jibu la swali la kwanza ni fupi, na jibu la swali la pili ndilo lenye mafundisho.

SUMAKU NA DAMU

Mwili wa mtu mzima una chuma cha gramu 3 au 4 hivi, yaani uzito wa msumari mdogo. Sehemu kubwa ya chuma hicho imo ndani ya damu yenyewe. Ndicho kisaidiacho kuipa damu rangi yake nyekundu na kubeba hewa safi tunayoivuta. Kila mtu aingiaye katika mashine ya IRM aingia na chuma hicho, wala mishipa yake haipasuki. Chuma cha damu si kipande cha chuma: kimefungwa mojamoja, atomu kwa atomu, ndani ya protini, na sumaku haiwezi kukikokota.

Je, punje za dawa? Mwajua milimita katika rula ya shule. Igawanyeni milimita moja katika sehemu milioni moja: kila sehemu yaitwa nanometa. Dawa za namna hii zina punje zenye upana wa nanometa 30 hivi, na nyingine hupita 100. Unywele mmoja wa kichwani una upana wa nanometa 80,000 hivi. Ndani ya punje mna oksidi ya chuma, ndugu wa kutu tunayoiona juu ya jembe lililosahauliwa mvuani. Kwa nje imevikwa koti la sukari ya namna ya pekee, kwa mfano ile iitwayo dekstrani, ili punje zisigandamane.

Tena punje hizi, kwa sababu ya udogo wake, zina tabia ya ajabu. Karibu na sumaku, nazo hugeuka sumaku. Sumaku ikiondolewa, husahau usumaku wao mara moja. Hazikumbatiani na kuziba mshipa. Na nguvu ya ile mashine haitoshi kuzikokota punje ndogo hivyo zikiwa katika mkondo wa damu. Hofu ya majirani, basi, haina msingi.

Hatari ya sumaku iko mahali pengine, na yafaa kila mmoja aijue. Mashine ile huvuta kwa nguvu kubwa vyuma vikubwa: funguo, makasi, vibanio vya nywele, hata mtungi mzima wa hewa ya oksijeni. Kwa hiyo Mkristo aache nje rozari na medali yake. Mungu hatamwona kuwa amepungukiwa imani. Aliyewekewa mashine ya moyo aseme. Na mtu aliyebaki na kipande cha risasi au cha bomu mwilini, jambo ambalo kwa bahati mbaya si geni katika nchi yetu, asione haya kulitaja kabla ya kuvuka mlango. Kipande hicho chaweza kusogea au kupata moto.

PICHA YA KIVULI

Sasa punje hizi zasaidiaje macho ya mganga? Mwaka 1973 Mmarekani Paul Lauterbur alichapisha picha ya kwanza iliyofanywa kwa njia hii, na mwaka 2003 yeye na Mwingereza Peter Mansfield walipewa tuzo ya Nobel. Mwili wetu ni maji kwa sehemu kubwa, na katika maji mna hidrojeni. Kiini cha kila atomu ya hidrojeni ni kama sumaku ndogo mno. Mashine huzipanga sumaku hizo, huzitikisa, kisha husikiliza jinsi zinavyorudi mahali pake. Kwa sauti hiyo huchora picha.

Punje ya chuma ikiwa karibu, huvuruga sauti ya maji yaliyoizunguka. Katika picha nyingi, mahali penye punje hizo hutokea peusi kama kivuli. Kwa namna nyingine ya kupiga picha, damu yenye punje hung'aa, na mishipa huonekana kama mito juu ya ramani. Ndicho wanachokitafuta waganga wa shangazi. Dawa itumiwayo zaidi katika mashine hii si ya chuma, ni ya madini iitwayo gadolini. Lakini tangu mwaka 2006 waganga walitambua kwamba baadhi ya dawa za gadolini za zamani ziliweza kuwaletea wagonjwa wa mafigo ugonjwa mkali wa kukakamaa kwa ngozi. Ndiyo maana kwa wagonjwa kama hao baadhi ya waganga hupenda kutumia chuma.

WALAJI

Tumefika kwenye swali la pili: chuma hicho huenda wapi? Huliwa. Na ili mwelewe ni nani akilaye, turudi nyuma hadi siku za Noeli za mwaka 1882.

Mrusi mmoja mwenye elimu ya wanyama, Élie Metchnikoff, alikuwa akikaa Messina, mji wa pwani katika kisiwa cha Sicilia. Siku moja jamaa yake walikwenda kutazama michezo ya nyani; yeye akabaki peke yake na mikroskopi yake. Alikuwa akitazama watoto wachanga wa kiti cha pwani, mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, ambaye angali mchanga mwili wake hupenyeka kwa nuru kama kioo. Ndani yake aliona chembe hai zikitembea huku na huku. Wazo likamjia: labda chembe hizi ni walinzi! Akaingia katika bustani ndogo ambamo siku chache kabla watoto walikuwa wamepambiwa mti wa Noeli, akachuma miiba ya waridi, akaidunga chini ya ngozi ya wale wanyama wadogo. Usiku ule hakulala kwa shauku. Alfajiri alitazama, na tazama, chembe zile zilikuwa zimeuzunguka mwiba pande zote, kama watu wa kijiji wamzungukavyo mwizi.

Metchnikoff aliziita chembe hizo kwa neno la Kigiriki lenye maana ya walaji, na zile kubwa kati yake zaitwa makrofaji. Mwaka 1908 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Sisi nasi tunao walaji hao katika ini, katika bandama, katika mapafu, katika uboho wa mifupa, na katika zile tezi zinazovimba kinenani mtu akiwa na kidonda mguuni. Walaji wa ini waitwa chembe za Kupffer, kwa jina la Mjerumani aliyezieleza mwaka 1876.

Kazi yao ya kila siku ni ya unyenyekevu. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha huchoka. Mlaji humeza ile iliyochoka, huivunja, hutoa chuma kilichomo, na kukirudisha ili kitumiwe kutengeneza damu mpya. Kila siku walaji wetu hurudisha hivyo miligramu 20 hadi 25 za chuma. Mama mwenye nyumba hatupi chungu kizima kwa sababu ya mfuniko uliovunjika. Vivyo hivyo mwili hautupi chuma chake.

Sasa fikirini punje za dawa zikiingia mshipani. Hazikai uchi. Protini za damu huzishika upesi, kama vumbi la njia linavyoshika miguu yenye jasho. Baadhi ya protini hizo ni kama alama inayomwambia mlaji: «Huyu si wa nyumbani.» Mlaji hunyosha mikono yake, humeza punje, huifungia ndani ya kifuko chenye asidi, na polepole huivunja. Chuma kinachotoka huwekwa katika ghala, yaani katika protini iitwayo feritini, na baada ya siku au majuma huingia katika chembe nyekundu mpya. Punje kubwa humezwa na ini kwa muda wa dakika tu. Zile ndogo hukaa katika damu kwa saa nyingi, zikafika hata kwenye tezi na mahali penye jeraha.

Kwa elimu hiyo waganga walitengeneza dawa ya kutazamia ini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1996. Kadiri ya asilimia 80 ya punje zake zilishikwa na ini. Ini zima likawa jeusi katika picha kwa sababu ya walaji wake waliokula chuma. Lakini uvimbe wa kansa, ambao kwa kawaida hauna walaji hao, ulibaki mweupe kama jiwe katika shamba lililochomwa. Kipimo chake kwa mtu wa kilo 70 kilikuwa kama miligramu 40 za chuma, yaani kazi ya walaji ya siku mbili hivi. Dawa ile iliacha kuuzwa mwaka 2008. Dawa anayoelezwa shangazi hutolewa kwa kipimo kikubwa zaidi, mara nyingi karibu na chuma kilichomo katika mfuko mmoja wa damu ya kuongezewa mgonjwa, ambao huwa na miligramu 200 hadi 250.

MLAJI HABAKI KAMA ALIVYOKUWA

Mpaka hapa habari ni njema. Lakini msomaji mwenye akili atauliza: Je, mlinzi aliyelishwa chuma abaki mlinzi yuleyule? Hapa ndipo yafaa kusoma polepole.

Wenye elimu wamewalisha walaji punje hizi katika vyombo vya kioo, wakawatazama. Wakipewa kidogo, huishi na kuendelea na kazi. Wakipewa nyingi mno, ghala hujaa. Chuma kisicho na mahali pa kukaa huzaa ndani ya chembe namna kali za oksijeni ziunguzazo kila zinachogusa. Mlaji hudhoofika, hawezi kumeza vizuri, na mwisho aweza kufa. Tena umbo la punje, ukubwa wake na koti lake hugeuza mambo: chuma kilekile kilichovikwa koti jingine chaweza kupokewa kwa amani au kwa ghasia.

Lakini hata pasipo kufa, mlaji aweza kugeuka tabia. Jueni kwamba walaji wana namna mbili za kufanya kazi. Wakati wa vita huwasha moto: wekundu, joto, uvimbe, maumivu, ili adui auawe. Vita ikiisha, hugeuka mafundi: huondoa takataka, hutuliza, hujenga ngozi mpya. Afya ni kujua lini kuwasha na lini kuzima. Na chuma kingi ndani ya mlaji humsukuma kuelekea upande wa moto.

Mwaka 2016 wenye elimu wa chuo kikuu cha Stanford, huko Marekani, walitangaza jambo la ajabu. Walitumia ile dawa ya chuma iitwayo ferumoksitoli, kwa panya wenye kansa ya matiti. Kansa ina hila: huwageuza walaji wanaoizunguka kuwa mafundi wake, wakaijengea badala ya kuipiga. Lakini walaji wale walipokula punje za chuma, waligeukia tena upande wa vita, na uvimbe ukakua polepole zaidi. Dawa iliyofanywa kwa ajili ya chuma na picha, ikaonekana imewagusa askari wenyewe. Ilikuwa kwa panya. Asidhani mtu kwamba ni dawa ya kansa kwa watu.

Msifurahi upesi. Mwaka 2011 waganga wa Ulm, katika Ujerumani, walikuwa wameeleza upande wa pili wa jambo hilo. Walichunguza wazee wenye vidonda vya miguu visivyopona kwa sababu damu hukwama katika mishipa. Damu huvuja chini ya ngozi, walaji hula chembe nyekundu zilizomwagika, wakajazwa chuma kupita kiasi. Wakabaki katika hali ya vita bila kujua kwamba vita imekwisha. Hawakugeuka mafundi, moto wao ukaunguza nyama changa, na kidonda kikakaa wazi mwaka hata mwaka. Chuma hicho hakikuwa cha dawa, kilikuwa cha damu ya mgonjwa mwenyewe. Hata hivyo chatufundisha: chuma kinachoamsha askari aliyelala mbele ya kansa chaweza kumzuia fundi kufunga kidonda. Wema wake na ubaya wake watokana na kipimo, mahali na wakati.

Kuna jambo la tatu. Vijidudu vya magonjwa navyo vyapenda chuma. Mwili ukivamiwa, ini hutoa protini ndogo iitwayo hepsidini, ambayo huwaamuru walaji kufunga milango ya ghala zao ili adui akose chakula. Nasi tunayo kumbukumbu moja chungu ya Afrika. Katika kisiwa cha Pemba, watoto wadogo zaidi ya 20,000 waliingizwa katika uchunguzi wa vidonge vya chuma. Nia ilikuwa njema: kuponya upungufu wa damu. Lakini mahali pale palikuwa na malaria nyingi, na habari zilizochapishwa mwaka 2006 zilionyesha kwamba waliopewa chuma waliugua sana na kufa zaidi kuliko wenzao. Utoaji wa chuma ulikuwa umesimamishwa kabla ya wakati wake. Vidonge si punje za picha, wala mtoto si mtu mzima. Tangu hapo lakini twajua kwamba penye malaria chuma hutolewa pamoja na kinga na tiba ya malaria. Chuma si maji ya kunywa tu. Kila kinapoingia, walinzi na maadui wote wawili hukisikia.

KUWAFUATA ASKARI KWA MACHO

Msidhani kwa hayo kwamba twalaumu punje hizi. Sikilizeni faida yake moja kubwa.

Katika mwili mna chembe nyingine za ulinzi zenye matawi kama mti. Hizo ni wapelelezi: hukusanya habari za adui na kuzipeleka kwenye tezi, ambako askari hufundishwa. Ralph Steinman, mzaliwa wa Kanada, alizieleza mwaka 1973. Mwaka 2011 alitangazwa kuwa mshindi wa tuzo ya Nobel siku tatu baada ya kufa kwake, na waliotangaza hawakujua. Basi waganga wa Nijmegen, katika Uholanzi, walitaka kuzitumia chembe hizo kuwasaidia wagonjwa wa kansa ya ngozi. Walizitoa kwa mgonjwa, wakazizoeza, wakazilisha punje za chuma, kisha wakazichoma ndani ya tezi. Walipotazama kwa mashine ya sumaku, wakaona ukweli wa kunyenyekeza: kati ya wagonjwa 8, nusu yao chembe zilikuwa zimekosa tezi na kumwagwa kando. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2005. Bila kile kivuli cha chuma, mganga angalidhani dawa haifai, kumbe sindano ndiyo iliyopotea njia.

Lakini hapa pia pana onyo. Kivuli hakisemi kama chembe ingali hai. Chembe iliyobeba chuma ikifa, mlaji wa jirani humeza mabaki yake na chuma chake. Picha hubaki na doa jeusi, na mganga aweza kumfuata mfu akidhani ni mzima. Kwa hiyo hapana budi kwanza kupima kama askari aliyelishwa chuma bado aweza kutembea, kumeza na kupeleka habari. Asiyepima hayo atakuwa na picha nzuri ya mlinzi aliyemharibu kwa mkono wake.

HATARI YA DAKIKA ZA KWANZA

Imebaki hatari moja, iliyo adimu lakini nzito, ambayo shangazi yapasa aijue kuliko ile ya sumaku. Kinga ya watu wachache hushtuka ghafula mbele ya dawa za chuma za mshipani, kama wengine wanavyoshtuka kwa nyuki. Shinikizo la damu huanguka, koo huvimba, pumzi hukosekana. Ferumoksitoli iliruhusiwa Marekani mwaka 2009 kwa wagonjwa wa mafigo wenye upungufu wa damu. Mwaka 2015 serikali ya huko iliagiza iandikiwe onyo kali kabisa, maana yalikuwa yamehesabiwa matukio 79 ya mshtuko huo, na watu 18 walikufa. Tangu hapo imeamriwa dawa ichanganywe na maji ya dripu na kuingizwa polepole, kwa dakika zisizopungua 15, na mgonjwa aangaliwe kwa nusu saa nzima baada ya hapo, dawa za kuokoa zikiwa karibu.

TUMWAMBIE NINI SHANGAZI?

Binti yetu, mpigie shangazi simu, umwamkie kwa heshima, umwambie hivi: sumaku haitampasua mishipa. Lakini kabla hajakubali au kukataa, azungumze na mganga wake mambo haya:

Kwanza, kama amewahi kushtuka kwa dawa yoyote, na hasa dawa ya chuma, aseme wazi. Aliyewahi kushtuka kwa chuma cha mshipani asipewe hiki.

Pili, kama ameongezewa damu mara nyingi, aseme, maana ghala za walaji wake huenda zimekwisha kujaa. Neno hili lawahusu pia wazazi wenye watoto wa ugonjwa wa damu wa chembe mundu, ambao huongezewa damu mara kwa mara.

Tatu, kama ana homa au maambukizo siku hizo, amwambie mganga. Pengine ni afadhali kungoja.

Nne, aulize kama pana njia nyingine ya kuiona mishipa yake, na kwa nini hii imechaguliwa. Mganga mwema hachukii swali hilo.

Tano, asikubali kuondoka upesi. Akae ile nusu saa, na mtu wa nyumbani akae naye.

Sita, aandike tarehe ya sindano. Chuma hicho chaweza kubadili picha za mashine ya sumaku hata kwa miezi mitatu. Mganga mwingine asiyejua aweza kuona kivuli na kukidhania ugonjwa.

Akiisha kupata majibu, aamue kwa moyo mtulivu. Uamuzi ni wake na wa mganga wake. Si wa majirani, wala si wetu sisi wenye kuandika gazetini.

Wasomaji wapenzi, tumezoea kudhani kwamba kutazama hakugusi kitu. Habari ya leo yaonyesha kwamba ili tumtazame mlinzi aliyejificha ndani yetu, tulipaswa kumlisha, na aliyelishwa hubadilika, kidogo au sana. Hilo halitukatazi kutazama. Latudai kiasi na uaminifu. Anayeona ndani ya mwili wa mwenzake amepewa dhamana, nayo dhamana hiyo haiishi picha inapokwisha kuchapwa.

Tena tumshukuru Mungu kwa watumishi hawa wasioonekana. Usiku tulalapo, wao huokota damu iliyochoka, huhifadhi chuma chake kwa uangalifu na kukirudisha, wala hakuna anayewapigia makofi. Mtakatifu Paulo alipotaka kuwafundisha Wakorinto umoja, aliwaelekeza wautazame mwili na viungo vyake, hata vile vidogo. Hakuwa na mikroskopi. Lakini nadhani angaliwapenda walaji wa Metchnikoff.

Nanyi vijana wa shule, mwigeni msichana huyu. Majirani walipopiga kelele, yeye alichukua kalamu. Kuuliza si ujinga.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.